Mashua Inapougua Ziwani: Dalili, Sababu na Tiba kwa Anayeishi Majini na Kuzamia

Mashua yetu ya futi 31 iliundwa kwa ajili ya bahari. Tuliinunua Kilifi, tukashusha mlingoti, tukaipakia kwenye lori, ikavuka mpaka wa Malaba na kuteremshwa majini Entebbe. Mke wangu na mimi tunaishi humo tangu siku ile. Tunapika humo, tunalala humo, na upepo ukikubali tunakwenda visiwa vya Ssese kuzamia kwenye miamba. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa matatizo mfululizo. Mimi nimekulia Tanga, na kila kitu kilipoharibika nilitafuta sababu nilizofundishwa pwani, nikazikosa.

Baadaye nikagundua kwamba sababu nyingi zilitoka kwenye mizizi miwili. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya mabaharia na mafunzo ya uzamiaji, kwa sehemu kubwa, humwandikia mtu aliye pwani.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Tafuta unachokiona au unachokihisi, kisha soma sababu yake. Ukiwa na dalili mbili kwa pamoja, moja ya mashua na moja ya mtu, shughulikia ya mtu.

## Zinki haipungui, propela inageuka rangi ya waridi

Zinki ni kile kipande cha madini kinachofungwa kwenye shafti ili kiliwe chenyewe, propela ibaki salama. Pwani tulizoea kukibadilisha mara kwa mara. Hapa nilikaa miezi saba, nikazamia kukagua, nikaikuta zinki nzima kama ilivyotoka dukani. Nikafurahi. Lakini propela ilikuwa na mabaka ya waridi, na nilipoigonga kwa mpini wa bisibisi haikulia kama kengele. Ilisikika kama nagonga ubao.

Kwenye maji yasiyo na chumvi, zinki hujifunika gamba jeupe gumu na kuacha kufanya kazi. Propela nyingi ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Zisipolindwa, zinki iliyomo ndani huyeyuka na kubaki shaba laini yenye vitundu. Rangi ya waridi ndiyo hiyo. Tiba ni kubadilisha madini ya ulinzi, utumie magnesiamu. Sisi huagiza mbili kwa pamoja ili moja ikae akiba kabatini.

Usifunge magnesiamu na zinki kwenye chombo kimoja, maana magnesiamu itajimaliza kuilinda zinki. Mwenye chombo cha mbao aiweke kwa kipimo, kwani ikizidi, mbao zinazozunguka vyuma hulainika na kuchambuka nyuzi. Na ukiirudisha mashua baharini, ivue siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye chumvi huisha upesi mno.

Kama magnesiamu nayo inaisha kwa mwezi mmoja hapahapa ziwani, waya zako zina kasoro. Soma sehemu inayofuata kabla hujaingia majini kuangalia.

Jambo dogo la hapohapo chini ya mashua: ukiipandisha nchi kavu na kukuta malengelenge madogo chini ya rangi, ukiyatoboa yakatoa maji yenye harufu ya siki, ujue maji yamepenya kwenye faiba. Maji yasiyo na chumvi hupenya kwa urahisi kuliko ya bahari. Hakuna haraka. Yafungue, acha pakauke wiki kadhaa chini ya paa, kisha ziba kwa epoksi.

## Aliye majini karibu na gati anahisi ganzi au kuchomwachomwa

Natamani kila mwenye mashua Uganda aisome sehemu hii, hata asiyezamia kabisa.

Baharini, umeme ukivuja majini husambaa kwenye maji, kwa sababu chumvi huyafanya yapitishe umeme vizuri kuliko mwili wa mtu. Ziwani mambo yamegeuka. Mwili una chumvi, maji hayana, na umeme huona njia nyepesi ni mwilini. Kiasi kidogo sana hukaza misuli, mtu akashindwa kusogeza mikono, akazama bila kupiga kelele. Watu watasema alikuwa hajui kuogelea. Mara nyingi hakuna hata alama ya kuungua.

Dalili yake ni kutekenywa kama kwa sindano, miguu kufa ganzi, au misuli kukaza, na hali huzidi kadiri unavyokaribia mashua au ngazi ya chuma. Ukihisi hivyo, geuka uogelee kurudi ulikotoka, mbali na gati, huku ukipaza sauti umeme uzimwe. Usishike ngazi. Uliye juu usiruke kumwokoa, hata akiwa mwanao. Zima swichi kuu ya gati kwanza, kisha mrushie boya au kamba.

Sababu huwa waya wa gati uliochubuka, chaja ya betri iliyoharibika ndani, au fundi aliyechanganya waya wa ardhi na waya mwingine. Kwetu ilikuwa chaja. Fundi aliyetugundulia alikuja kwa ajili ya magnesiamu iliyokuwa inaisha haraka, akapima na waya za gati palepale. Magnesiamu kuisha haithibitishi kwamba kuna hatari kwa mwogeleaji, lakini ukimwita fundi kwa hilo, mwombe akague na hili.

Tangu siku hiyo tuna sheria isiyojadiliwa. Mashua ikiwa imechomekwa umeme wa gati, hakuna anayeingia majini, hata kwa dakika mbili za kukwangua mwani. Na mashua za majirani nazo zichomolewe, kwani umeme haujui mipaka ya mashua. Funga pia swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, kwenye laini ya gati na kwenye mashua.

## Injini inachemka, au inatoa moshi mweusi bila nguvu

Inachemka: zima, kisha angalia ulipo. Kama umezungukwa na magugumaji, jibu limekuzunguka. Gugumaji liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na ingawa mbawakavu walioachiliwa kuanzia mwaka 1995 walilipunguza sana, bado linakuja na upepo na kulala kwenye ghuba. Mizizi yake kama nywele huvutwa na tundu la maji ya kupozea. Funga vali, fungua chujio, itoe kwa mkono. Chujio kikiwa safi na bado maji hayatoki kwenye ekzosi, fungua pampu. Impela ya mpira ikizunguka kavu dakika chache tu hukatika mabawa, na vipande husafiri kwenda kuziba mbele. Hesabu mabawa. Likikosekana moja, litafute mpaka ulipate.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Kwanza shuka uangalie kama kuna wavu kwenye propela. Nyavu za sangara zimetapakaa ziwa zima. Pasipo na wavu, kumbuka kimo. Hewa ya hapa ni kama asilimia 87 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo, ya kuisukumia hewa) inapungukiwa hewa huku ikilishwa mafuta yaleyale na kuvutana na propela iliyopimwa kwa Mombasa. Tulipofunga propela yenye mkunjo mdogo, yaani mabawa yaliyolala zaidi, moshi ukaisha.

Dizeli ya jerikeni kutoka mwaloni, pale wavuvi wanapopaki mitumbwi, iache itulie usiku kucha, kisha mimina ukiacha vidole viwili vya chini. Unyevu wa ziwa huingia kila mahali.

## Nanga inatembea ingawa hakuna upepo

Toka nje na tochi utazame amari, kamba ya nanga. Mara nyingi ni kisiwa kinachoelea. Matete, mafunjo na magugumaji hushikana, hukatika kutoka ufukweni na kusafiri kama shamba zima, na yakikutana na amari yako huisukuma mashua taratibu hadi nanga ing'oke. Si vitu vya mzaha. Mwezi Aprili 2020 kisiwa cha namna hii kilifika kwenye mitambo ya umeme ya Jinja na nchi ikakosa umeme.

Usijaribu kukisukuma kwa injini, utaziba tundu la maji na kuwa na matatizo mawili. Funga boya kwenye mwisho wa amari, iachilie yote, ondoka, urudi kuichukua asubuhi. Mwisho wa amari yetu umefungwa kwa kamba inayokatika kwa kisu kimoja, na kisu kinakaa omo, mbele ya mashua, mahali kinapopatikana gizani.

Upepo ukiwapo na nanga inaburuta, tatizo ni tope. Ghuba nyingi hapa zina tope laini kama uji. Toa amari ndefu zaidi kuliko ulivyozoea kwenye mchanga wa pwani, na baada ya kutupa, subiri nusu saa kabla ya kuvuta kwa injini ili nanga izame kwanza.

Tena, mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiwango chochote kilichowahi kupimwa. Magati yakamezwa, miti ya ufukweni ikafia majini, na visiki vingi bado viko chini. Ramani yako ikionyesha ufuko mweupe, nenda polepole na mtu akiwa omo.

## Radi

Usiku hewa hutoka nchi kavu pande zote, ikakutana juu ya ziwa, ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huja usiku wa manane hadi alfajiri. Pwani tuliuita upepo huo umande, na ulikuwa upepo wa heri, wa kutokea. Hapa utazame kwa makini. Wataalamu wa hali ya hewa wa Uganda hutoa utabiri kwa ajili ya ziwa. Usome kabla ya safari, kisha uangalie macho ya wavuvi. Wasipotoka, na wewe kaa.

Kama mlingoti wako umeungwa na bamba la shaba chini ya mashua, ujue bamba lililopimwa kwa bahari halitoshi kwenye maji yasiyopitisha umeme. Radi isipopata njia ya kutoka hupasua ubavu wa mashua ili kuipata. Ongeza bamba, na uunge vyuma vikubwa vyote pamoja. Dhoruba ikifika, ingieni ndani, mkae mbali na mlingoti, simu na redio ndogo zikae ndani ya oveni.

## Betri haijai

Tuko karibu kabisa na Ikweta, jua linapita utosini. Paneli ilale bapa. Kuiinamisha kama wanavyofanya walio mbali na Ikweta ni kupoteza umeme. Angalia kivuli. Kamba moja inayopita juu ya paneli inaweza kukuibia sehemu kubwa ya umeme wake. Halafu angalia kinyesi cha mnandi, na angalia sami.

Sami ni wadudu wadogo wa ziwani, na jina ni la Kiganda. Hupanda kutoka majini kwa mamilioni, ukiwaona kwa mbali utadhani ni moshi wa mwituni. Huzidi siku chache baada ya mwezi kuandama. Hufunika paneli, huingia kwenye chujio la hewa la injini, huanguka kwenye chai. Zima taa zote za nje, shusha chandarua mlangoni, na asubuhi osha sitaha kabla hawajakauka, maana wakikauka harufu yake ni ya samaki waliochacha.

## Maji ya tangi yana harufu, au rangi ya kijani

Mtu huelea juu ya maji yasiyo na chumvi akadhani shida ya maji imekwisha. Mimi pia nilidhani.

Yakiwa na rangi ya kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika, hiyo ni mwani wa bluu-kijani, unaostawi kwenye ghuba zinazopokea uchafu. Baadhi yake hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Usiyachote, usiyaogee, usizamie humo. Ghuba ya ndani ya Murchison, mbele ya Port Bell, inapokea mfereji wa Nakivubo kutoka Kampala. Sisi huko hatufungui hata vali ya kuoshea sitaha.

Yakiwa safi kwa macho, chota mbali na ufuko, chuja, kisha yaache yakae kwenye tangi lililofungwa siku mbili kabla ya kuyaogea. Muda huo unawaua vijidudu vya kichocho, ambavyo visipompata mtu hufa ndani ya saa 48. Ya kunywa yachemshe juu ya hayo. Harufu ya yai bovu kutoka tangini ni mabaki ya mwani yanayooza chini. Fungua, sugua kwa mkono, osha kwa klorini. Kuongeza dawa bila kusugua ni kuupaka uchafu manukato.

## Kuzamia: unazama kama jiwe

Sasa tuingie majini.

Mzamiaji wa pwani akija na mkanda wake wa risasi kama alivyouzoea, atazama upesi, atajaza hewa fulana ya kuelea ili asimame, na mtungi wake wa hewa utaisha kabla ya wakati. Sababu ni kwamba maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi. Mtu na vifaa vyake wakiwa kilo 100, apunguze kama kilo 2.5 za farumi, yaani uzito huo wa mkanda. Pima upya, usikisie. Ukiwa na mtungi uliokaribia kwisha, fulana imetolewa hewa na umeshika pumzi ya kawaida, maji yakufike machoni.

## Kipimo cha kina hakiendani na kamba

Tulifunga kamba yenye fundo kila mita moja, tukashuka nayo. Fundo la 18, kipimo cha mshale mkononi mwangu kikaniambia 16 na kidogo. Hakikuwa kibovu. Kipimo cha aina hiyo, kilichozibwa kiwandani kwa hewa ya pwani, huanzia chini ya sifuri ukiwa juu, na hapa kinakosea kama mita moja na robo. Juu ya hapo kimepimwa kwa maji ya chumvi, kwa hiyo kinapunja tena kidogo. Sasa fikiria mtu anayefuata jedwali la pwani, lile la muda wa kukaa kila kina, kwa kipimo kinachompunja.

Na jedwali lenyewe linahitaji marekebisho. Mwili haujali mita ulizoshuka. Unajali uwiano kati ya mgandamizo wa chini na ule utakaourudia juu. Juu hapa hewa ni nyepesi, kwa hiyo mita 18 za ziwa hili uzihesabu kama mita 20 za bahari. Kuanzia mita 300 juu ya usawa wa bahari jedwali la kawaida halifai tena bila kurekebishwa, na sisi tuko zaidi ya mara tatu ya hapo.

Kompyuta nyingi za kuzamia hurekebisha zenyewe, lakini si zote. Nyingine zinataka uziambie uko kwenye kimo gani, na nyingine zinataka uziambie maji hayana chumvi. Soma kijitabu chake. Iwashe ukiwa umeshafika ziwani, iache isome hewa kabla hujaingia. Na aliyeshuka ndege leo kutoka Mombasa asizamie leo. Damu yake bado imebeba naitrojeni ya pwani. Alale usiku mmoja, ale matoke, azamie kesho.

Ukipanda, usizidi mita tisa kwa dakika, na mita za mwisho ziwe za polepole kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo viputo vinatanuka zaidi.

## Baada ya kuzamia: kiungo kinauma, uchovu usio wa kawaida, mabaka

Swali la kwanza watu hujiuliza ni kama bega limeuma kwa sababu ya kuvuta nanga. Ukiwa umezamia ndani ya saa 24, lichukulie kama ugonjwa wa mgandamizo, ule wa viputo vya naitrojeni mwilini, mpaka daktari aseme vingine. Maumivu ya msuli huzidi ukiubonyeza au kuusogeza. Haya mara nyingi hayabadiliki hata ukae vipi. Ganzi, kizunguzungu, kushindwa kukojoa au miguu kulegea ni hatari zaidi ya maumivu.

Laza mgonjwa, mpe oksijeni safi kwa barakoa inayobana vizuri, mpe maji kama yuko macho, andika saa na kina, piga simu kwa daktari wa wazamiaji. Usimrudishe majini kumtibu. Namba ya simu na mahali kilipo chumba cha mgandamizo, cha kutibia ugonjwa huu, unachoweza kukifikia viandikwe ukutani kabla ya mzamo wa kwanza. Usiku wa dharura siyo wakati wa kutafuta. Mtungi wa oksijeni ni kitu ghali, na ndicho kitu cha kwanza nilichonunua kabla ya friji.

Kosa linaloleta dalili hizi kwa wageni wa Entebbe si kuzamia kwenyewe, ni safari ya baadaye. Ndege kila mtu anaijua: saa 12 baada ya mzamo mmoja usiohitaji vituo vya kusimama njiani ukipanda, saa 18 baada ya mizamo kadhaa. Barabara watu huisahau. Basi la usiku la kwenda Nairobi linapita nyanda za Timboroa, zaidi ya mita 2,500. Kabale na Ziwa Bunyonyi ziko karibu mita 2,000. Kupanda huko jioni baada ya kuzamia asubuhi ni sawa na kupanda ndege. Subiri saa zilezile.

## Kichwa kinauma ukiwa chini, hewa ina ladha

Panda. Usimalizie mzamo.

Mara nyingi ni moshi ulioingia kwenye kompresa, mashine ya kujaza mitungi. Mdomo wa kuvutia hewa uwe upande wa joshi, unakotoka upepo, juu, mbali na ekzosi ya jenereta na ya mtumbwi wa jirani. Mtungi wowote uliojazwa siku hiyo umwagwe, usipewe mtu mwingine kwa kuuonea huruma. Mgonjwa apate hewa safi na oksijeni.

Unyevu wa ziwa humaliza dawa ya chujio la kompresa mapema, kwa hiyo usifuate saa zilizoandikwa kiwandani bila kuzipunguza. Usijaze usiku wa sami. Na usishangae kujaza kukichukua muda mrefu kuliko pwani: kompresa inavuta hewa nyepesi.

Regyuleta, kifaa cha mdomoni cha kupumulia, ikipitisha maji, fungua uangalie kiwambo cha kutolea pumzi. Watu huacha kuosha vifaa huku kwa kuwa hakuna chumvi. Tope laini na mwani hukauka pale na kukizuia kufunga. Osha kila siku, kama ungekuwa Pemba.

## Huoni mkono wako

Kuona mita mbili au tatu ni siku nzuri. Wingu la tope likiinuka, simama, shika kamba, hesabu hadi 60. Tusipoweza kuona mapezi ya mwenzetu tunapanda, hata kama tumekaa dakika nne tu. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, mbali na mito na miwalo, kwenye miamba, ndipo kuna uzuri wa ziwa hili: furu, samaki wadogo ambao Waganda wanawaita nkejje, madume ya buluu yakilinda kipande cha mwamba kisichozidi sahani.

Ukihisi kitu kimekushika mguu, usigeuke. Kugeuka ndiko kunakouzungusha wavu. Rudi nyuma kidogo, pumua, mguse mwenzako, kata. Kila mmoja wetu hubeba visu viwili, kimoja kifuani, kimoja mkononi, kwa sababu wavu huwa umeshika mkono wenye kisu. Kamba za ndoana nazo zipo.

Kabla ya kuzamia popote, nenda mwaloni ukamsalimie mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji), wavuvi na askari wa doria. Mtu aliye chini ya maji karibu na nyavu za watu hafikiriwi mtalii, hufikiriwa mwizi. Na hao ndio watakaokuambia habari za mamba na viboko. Siku moja, tukijiandaa kushuka kwenye ghuba tulivu mno, mzee aliyekuwa anapita na mtumbwi alinyanyua kasia.

"Mwanangu, hapo hatuogi."

"Kuna nini, mzee?"

"Pana mwenyewe."

Tukamshukuru, tukang'oa nanga. Kwa mamba na kiboko sina utatuzi mwingine.

## Ngozi inawasha leo, homa inakuja baada ya wiki tano

Kuwashwa ndani ya saa chache, vipele vidogo mahali maji yalipogusa, ni vijidudu vya kichocho vikiingia ngozini. Vinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya ufukweni, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hivi mpaka alasiri. Kwa hiyo ingia majini kutoka kwenye mashua, kwenye kina, mapema. Usitembee kwenye matete ukiwa umebeba mtungi. Ukitoka jisugue kwa taulo mara moja. Hilo husaidia kiasi, si kinga kamili.

Mtu anaweza asiwashwe kabisa. Kisha, kati ya wiki mbili na nane baadaye, inakuja homa ya jioni, kikohozi kikavu, vipele vya mzio, pengine kuhara. Hapa kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na ni sawa kuanza na kipimo cha malaria, siku hiyohiyo. Kipimo kikisema hapana, usikubali kupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Mwambie daktari, "Nazamia Ziwa Viktoria," na umtajie tarehe.

Dawa ni prazikwanteli, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Inaua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga, ndiyo maana ukiimeza kesho yake baada ya kuzamia umeipoteza bure. Mgeni aliyezamia wikendi moja apimwe na kutibiwa wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji mara ya mwisho, hata kama hana dalili. Sisi tunaoishi humu hatuna mara ya mwisho. Daktari wetu hutupima kila mwaka na kutupa dawa, na tarehe tumeiandika kwenye ukuta uleule wenye namba ya simu ya dharura, chini ya orodha ya impela na magnesiamu za akiba.